Safari ya Karema, Mji wa Kilimani

Wasomaji wetu wa Kashaulili, na wa mitaa yote ya Mpanda, wamezoea kulisikia jina la Karema, lakini wengi wao hawajafika huko. Nasi tulikuwa hivyo hivyo, hata kiangazi kilichopita tukaondoka alfajiri, tukashika njia ya magharibi. Majalila tulipita mapema. Kutoka hapo ni miombo na vumbi, wala hatuna la kusimulia ila kwamba migongo ilituuma. Ndipo nchi ikaanza kuteremka, na mara tukaona maji matupu mpaka upeo wa macho, na mbali sana, kama kivuli cha wingu, milima ya Kongo.

Aliyeona picha za vijiji vya kusini mwa Hispania, kama vile Mijas na Mojácar, atakumbuka nyumba zilizopakwa chokaa, zimepandana mlimani na bahari i chini yake. Chokaa hurudisha joto la jua, lakini kilima kina sababu nyingine: watu wa pwani ile zamani waliwaogopa maharamia, wakajenga juu. Karema si mji mkubwa, wala si mweupe wote. Hata hivyo nao ulipanda kilimani kwa ajili ya hofu.

Mwezi wa Agosti 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alifika hapo kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili, akaanza kujenga boma. Mwaka huohuo tembo wanne wa Bara Hindi waliteremshwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, waletwe Karema, ili ijulikane kama mnyama huyo aweza kuchukua mizigo badala ya wapagazi. Alifika mmoja tu, naye hakuishi sana. Kapteni Carter aliyewaongoza akauawa mwaka 1880 huko Mpimbwe. Tembo kuletwa kwa merikebu katika nchi ya Katavi! Tulicheka kwanza, kisha tukawafikiri wapagazi.

Chama kile kilisema kimekuja kwa elimu na kwa kuzuia biashara ya watumwa. Tusiyaamini yote. Storms, aliyekuwa mkuu wa boma tangu 1882, alivuka ziwa akajenga Mpala, na mwaka 1884 watu wake wakamwua chifu Lusinga. Kichwa chake kikachukuliwa mpaka Ubelgiji. Kilima kizuri chaweza kuwa na habari mbaya.

Mwaka 1885 boma likakabidhiwa Mapadre Weupe. Kuta zilizojengwa kwa bunduki zikawa kimbilio, maana biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea kando ya ziwa, na waliokombolewa walihitaji mahali pa kulala bila kushtuka usiku. Hao ndio waliokuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa misioni. Tulipopita kandokando ya kuta nene, tuliwakumbuka wao kuliko makapteni.

Lakini mtu tuliyemwendea hasa ni Adriano Atiman. Alizaliwa mbali sana, karibu na mto Niger, akaibwa angali mtoto, akauzwa kuvuka jangwa la Sahara. Mapadre walimkomboa huko Algeria, wakamsomesha udaktari katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 akafika Karema, naye hakuondoka tena. Alioa hapo, na mwanawe Yosefu akawa padre. Kwa miaka 67 hivi alitibu na kufundisha dini, akajifunza dawa za miti kwa wenyeji na kuzitumia pamoja na zile alizosomea, hata alipofariki mwaka 1956. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi akawa daktari wa ukingo mzima wa ziwa. Walimu wetu huwafundisha watoto majina ya waganga wa Ulaya; jina hili nalo lastahili kuandikwa ubaoni.

Jambo moja lilitushangaza. Boma lilipojengwa, ziwa lilikuwa limejaa kupita kiasi, maana mlango wake wa magharibi, mto Lukuga, ulikuwa umeziba kwa miaka mingi. Kisha mto ukabomoa kizuizi chake, na maji yakashuka mita kadhaa katika miaka michache. Pwani ikarudi nyuma, na boma likaachwa juu ya kilima chake, likitazama nchi kavu palipokuwa na mawimbi. Sasa miaka ya karibuni ziwa limepanda tena; mwaka 2024 lilifurika hata mitaani Bujumbura. Huko chini serikali imejenga bandari mpya, kazi iliyoanza mwaka 2019, mizigo ipate kuvuka kwenda Kongo. Watu wanashuka kufuata kazi, nyumba mpya zinaota karibu na maji, na mabati yake yang'aa kuliko chokaa. Hatuwalaumu. Ila tungependa wajenzi wakikumbuke kisa cha mto Lukuga kabla ya kuchimba misingi.

Anayetaka kwenda asafiri kiangazi, maana masika njia huwa tope. Mwalimu atakayewapeleka watoto ampelekee paroko habari mapema, kwa kuwa mahali pale si magofu. Watu wanaishi na kusali hapo kila siku.