Nililipia GPU Nane, Zikakaa Zikingojeana

Saa saba usiku. Sotik. Mvua inagonga mabati, na mimi niko kitandani na laptopu nikiangalia mstari mmoja ambao umekataa kusonga kwa dakika arobaini. Kila saa inayopita ni kama shilingi 1,300. Na sehemu ya hizo pesa ilitoka kwa bonasi ya chai ya mama yangu.

Kama hujakulia huku kwetu, wacha nikueleze bonasi ni nini. Mkulima mdogo analipwa kidogo kila mwezi kwa kilo za majani mabichi alizopeleka. Halafu mara moja kwa mwaka, baada ya kiwanda kuuza chai na kupiga hesabu, anapata iliyobaki. Hiyo ndiyo karo, ndiyo ng'ombe, ndiyo deni la duka. Mama alinitolea elfu tano. Aliuliza swali moja tu: "Na hiyo mashine iko wapi?" Nikamwambia iko ng'ambo, tunaikodi kwa saa. Akafikiria kidogo. "Kama trekta," akasema. Ndiyo, mama. Kama trekta.

Tulikuwa wanne, kila mtu elfu tano, jumla elfu ishirini. Tulitaka kufundisha modeli ya kompyuta isikie Kikipsigis na kukiandika. Sauti tulirekodi wenyewe: majirani, mashangazi, Kogo wangu akieleza vile maziwa ya mursik yanavyotayarishwa. Tukakodi seva mbili, kila moja na GPU nne aina ya A100. Kwa hesabu zangu tulikuwa na saa kumi na tano. Nikajiona mjanja.

Sasa sikiza vile mambo hufanyika ndani. Unapofundisha modeli kwa GPU nyingi, kila moja inapewa fungu lake la data na inafanya hesabu zake. Lakini kabla ya kwenda hatua inayofuata, zote lazima zijumlishe majibu yao na kila moja ipate jumla. Ni kama kituo cha kupimia chai. Wewe unaweza kuwa umechuma haraka kuliko kijiji kizima, lakini lori haliondoki mpaka gunia la mwisho lipimwe. Programu inayobeba hayo majibu kutoka GPU moja hadi nyingine inaitwa NCCL, ya NVIDIA. Watu hawaiongelei kwa sababu ikifanya kazi huioni.

Yangu haikufanya kazi. Seva ya kwanza ilikuwa inangoja ya pili, ya pili inangoja ya kwanza. Hakuna kosa lililoandikwa mahali. Kimya tu, na mita inasoma.

Nikafanya kile kila msee hufanya saa nane usiku: nikatafuta mtandaoni, nikapata mtu aliyekuwa na shida kama yangu, nikanakili mistari yake miwili bila kuielewa. Ikaamka! Namba zikaanza kushuka vizuri. Stima ikapotea kama kawaida ya mvua ya huku, lakini sikujali. Kazi ilikuwa ndani ya tmux, na tmux hukaa kule kwa seva. Laptopu ikizima, kazi inaendelea. Nikalala kama mfalme.

Asubuhi nikawasha bando nikaangalia. Awali, nilipojaribu seva moja peke yake, ilikuwa inamaliza sampuli 96 kwa sekunde. Mbili pamoja zilikuwa zinamaliza 61.

Soma tena. Nimeongeza mashine, nimelipa mara mbili, na kazi imeenda polepole zaidi. Usiku wote. Ukijumlisha na zile saa mbili za kimya, saa saba zilikuwa zimeenda. Shilingi 9,100.

Hapo ndipo niliacha kukisia nikaanza kusoma. Nikaweka NCCL_DEBUG=INFO, na ile programu iliyokuwa kimya ikaanza kuongea. Ikasema inatumia Socket. Maana yake ilikuwa inapitisha kila kitu kwa njia ya kawaida ya mtandao, wakati seva zote mbili zilikuwa na InfiniBand ya gigabiti 200 kwa sekunde, yaani gigabaiti 25, imekaa tu. Tuliilipia, na hakuna kitu kilichopita hapo.

Nani alifunga hiyo barabara? Mimi. Mstari mmoja kati ya ile miwili niliyonakili ulikuwa NCCL_IB_DISABLE=1. Kwa Kiswahili cha kawaida: usitumie InfiniBand.

Mstari wa pili, NCCL_SOCKET_IFNAME, ndio ulikuwa dawa halisi. Docker ilikuwa imetengeneza mtandao wake wa ndani, ule jina lake huanza na br-, na NCCL ikauchagua kwa salamu za kwanza. Shida ni kwamba seva zote mbili zilikuwa na mtandao kama huo wenye anwani ileile, 172.18.0.1. Kwa hivyo seva ya pili ilipojaribu kupigia ya kwanza, ilijipigia yenyewe. Kuitajia kiolesura cha kweli kulimaliza hiyo shida. Ule mstari mwingine haukuhitajika kabisa.

Nikautoa. Bado Socket. Logi ikasema haioni kifaa chochote cha InfiniBand. Kumbe kontena yangu haikuwa imeonyeshwa kifaa hicho. Nikaongeza --device=/dev/infiniband, na --ulimit memlock=-1 kwa sababu InfiniBand inahitaji kushikilia memori bila kusumbuliwa. Safari hii sikukimbilia kufundisha modeli. Nikapima kwanza kwa all_reduce_perf, programu ndogo ya NVIDIA ambayo kazi yake ni kupima mawasiliano tu. Kabla: gigabaiti 1.1 kwa sekunde. Baada: 22.

Sampuli zikafika 180 kwa sekunde. Kipimo chenyewe kilichukua chini ya dakika moja. Ningekifanya usiku ule ule, pesa za mama zisingechomeka.

Sasa maoni yangu, na mnaweza kunikasirikia. Huku Kenya tunapenda kuhesabu kadi. Mei 2024 Microsoft na G42 wakatangaza mpango wa dola bilioni moja unaoanza na kituo cha data cha Olkaria, kitumie umeme wa mvuke. Machi 2025 Cassava ikatangaza kiwanda cha AI chenye GPU za NVIDIA, kuanzia Afrika Kusini, na Kenya ikiwa kati ya nchi zinazofuata. Kila mara swali letu ni lilelile: GPU ngapi? NVIDIA wenyewe hawakufikiria hivyo. Mwaka 2020 walimaliza kununua Mellanox, kampuni ya Israeli inayotengeneza InfiniBand, kwa karibu dola bilioni 7. Hizo zote kwa ajili ya waya na swichi, na akili ya kuziunganisha. Walijua kadi inayongoja ni hasara kama kadi iliyokufa.

Hivyo vituo vikija, kuna mtu atalipwa kuketi pale na kujua kwa nini 180 imekuwa 61. Anaweza kutoka Sotik. Hiyo kazi haihitaji laptopu ya laki mbili. Yangu ni ya mtumba, na kati yake na seva hupita maandishi tu, bando kidogo kabisa. Inahitaji ujue barabara za mashine yako (andika nvidia-smi topo -m uone nani ameunganishwa na nani), upime kabla ya kukimbia, na usinakili mstari usioweza kuueleza kwa mdomo wako.

Zile saa nane zilizobaki zilitosha kumaliza nusu ya mafunzo tuliyopanga. Modeli bado inakosea maneno marefu. Lakini sentensi ya kwanza ya Kogo kuhusu mursik iliiandika vizuri, neno kwa neno, na nikamsomea mama kutoka kwa simu tukiwa jikoni.

Akacheka. Kisha akauliza elfu tano yake imeenda wapi. Nikamweleza vile mashine ziligoma kuongea usiku mzima nikiwa nimelala.

"Ungeenda kuangalia lori kama limefika," akasema, "kabla ya kuendelea kuchuma."

Bonasi ijayo nitamwomba tena. Nimeahidi kupima kwanza.