Neno "Lakini"

Katika mtaa wa Ng'ambo nilikozaliwa, sifa ya kwanza niliyoisikia ikitolewa juu yangu ilikuwa na maneno matatu. Shangazi yangu alikuwa akinisuka barazani, akapita jirani na kuuliza mimi ni mtoto wa nani. "Mtoto wa kaka yangu huyu," alijibu. "Mweusi, lakini mzuri." Jirani akaitikia "Mashallah", na mimi, kwa utoto wangu, nikajiona nimesifiwa. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba sifa ile ilikuwa na mwiba, na kwamba mwiba wenyewe haukuwa katika neno "mweusi" wala katika neno "mzuri", bali katika kile kijineno kilichokaa katikati yao kama mtoza ushuru bandarini.

Sisi watu wa pwani tuna lugha pana ya kutazamana. Tunaye mweupe, tunaye maji ya kunde, tunaye mweusi. Tuna nywele za singa na nywele za kipilipili. Tuna pua ya upanga, na pua nyingine ambazo hazikupewa jina la heshima. Washairi wetu hawakuiacha lugha hiyo nje ya mlango. Nimezighani beti nyingi za mapenzi tangu nikiwa mwanafunzi, nazipenda hadi leo, na mara nyingi nimemkuta mpenzi anayesifiwa humo uso wake ni mwezi wa kumi na nne na nywele zake zimelala hadi kiunoni. Nilizighani kwa sauti nzuri. Sikupata kujiuliza, je, mimi ninayeghani nimo humu?

Swali hilo halikunijia kwa ushairi. Lilinijia kwa sinema.

Nilikuwa na umri wa miaka 13 au 14 nilipoiona kwa mara ya kwanza filamu ya Kihindi iitwayo *Satyam Shivam Sundaram*, aliyoitoa Raj Kapoor mwaka 1978. Wazee wetu walikuwa wakimjua Raj Kapoor tangu *Awaara* ya mwaka 1951, nasi tuliopokea mapenzi yale kwao hatukuhitaji kushawishiwa. Hadithi ni ya Rupa, binti wa kijijini aliyeungua shavu kwa mafuta ya moto tangu utotoni, ambaye huufunika upande huo wa uso kwa nywele na mtandio. Anakuja mhandisi mgeni, Rajeev, mtu asiyestahimili kuona kitu kibaya. Anaisikia sauti yake ikiimba, anaipenda, na anamuoa pasi na kuuona uso mzima. Usiku wa harusi anaufunua mtandio. Anapiga kelele kwamba ametapeliwa, kwamba huyu siye Rupa wake, na anamfukuza.

Ukumbi mzima ulilia. Mimi nililia kuliko wote, kwani nilikwisha kuamua kwamba kovu la Rupa ni rangi yangu. Na nilitoka pale na somo ambalo, nadhani, mtengenezaji hakukusudia kunipa: kwamba mwanamume anaweza kuipenda sauti yako na wema wako, lakini siku ya kufunuliwa mtandio itafika.

Yangu ilifika mwaka 1989. Nilipowekwa ndani kwa ajili ya harusi, somo wangu alinisinga kwa singo na kunipaka liwa, kama walivyosingwa mabibi zetu. Mambo hayo yananukia hadi leo katika kumbukumbu yangu, na sina neno nayo. Lakini usiku, somo akishaondoka, mmoja wa jamaa zangu aliniletea kichupa kisichokuwa na jina. Ulikuwa mkorogo. Wakati ule sikujua kwamba michanganyiko kama ile aghalabu hubeba zebaki au haidrokwinoni, wala kwamba zebaki huingia mwilini na kudhuru figo. Nilijua tu kwamba baada ya siku 10 kioo kilinionesha mtu mwingine, na mtu huyo alisifiwa bila "lakini". Vifundo vya vidole ndivyo vilivyokataa. Vilibaki vyeusi, vikinitolea ushahidi kila nilipoinua mkono, hata hina ilishindwa kuvisitiri.

Jua la pwani halidanganyiki. Kabla mwaka haujaisha, mashavu yangu yalipata mabaka mekundu, kisha yakawa meusi kwa weusi usio wangu, kama ngozi iliyoungua. Sikuhitaji tena kukisia kovu la Rupa. Nilikuwa nalo.

Nimezitunza picha za harusi ile ndani ya sanduku, na kwa miaka mingi sikuzionesha kwa mtu. Cha ajabu ni kwamba hata kabla ya mkorogo, picha hazikupata kunitendea haki. Katika picha ya darasa letu, wenzangu weupe wana nyuso. Mimi nina macho na meno. Tulicheka sana, na mimi nilicheka pamoja nao. Ukubwani ndipo nilipokuja kusoma kwamba kosa halikuwa la uso wangu. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyoitwa "Shirley", na ufilimu wenyewe ulitengenezwa ili ngozi yake ndiyo itoke vizuri. Kampuni ya Kodak ilipoanza kurekebisha mambo miaka ya sabini, miongoni mwa waliolalamika ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka sawasawa. Nilipoyasoma hayo nilikaa kimya kwa muda. Chokoleti ilisikilizwa. Kabati lilisikilizwa.

Tangu hapo nikawa mtafutaji wa filamu ambazo ndani yake mwanamke mweusi hatazamwi tu, bali anatazama. Nitazitaja tatu, kwa kuwa zilinifaa.

Ya kwanza ni *La Noire de...*, ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya mwaka 1966. Diouana anatoka Dakar kwenda Antibes, Ufaransa, akidhani ataenda kulea watoto. Anakuta jiko na ndoo. Kila siku anafanya kazi amevaa gauni lake zuri, viatu vya kisigino kirefu na nywele za bandia, hadi bibi mwenye nyumba anamwamuru avue viatu. Zamani ningesema kwamba Diouana anajipamba kwa kutamani Uzungu. Nilipoitazama mara ya pili niliona jingine: gauni lile ndilo lililobaki la kumwambia kwamba yeye ni mtu, si chombo cha jikoni. Kisha, kadiri nyumba inavyombana, anaanza kujivua kimoja kimoja. Nywele za bandia zinaondoka. Kinyago alichowapa waajiri wake kama zawadi anakitwaa tena kutoka ukutani. Mwisho wake ni mchungu, anajiua bafuni, na sikusudii kuupamba uchungu huo. Bali sijasahau kwamba filamu ile ni ya nyeusi na nyeupe, na ndani yake uso wa Mbissine Thérèse Diop una vivuli, una mng'aro, una mawazo. Hakuna aliyemwombea radhi kwa rangi yake.

Ya pili ni fupi, haifiki dakika 10. Inaitwa *A Girl Like Me*, na ilitengenezwa mwaka 2005 na Kiri Davis, Mmarekani mweusi aliyekuwa bado msichana wa sekondari. Aliurudia uchunguzi maarufu wa Kenneth na Mamie Clark, ambao ulitajwa katika hukumu ya mahakama kuu ya Marekani ya mwaka 1954 dhidi ya ubaguzi wa shuleni. Watoto weusi huwekewa wanasesere wawili, mweupe na mweusi, na kuulizwa wampendaye ni yupi. Kati ya watoto 21 wa Davis, 15 walimchagua mweupe. Lakini si hesabu iliyonivunja moyo. Ni mtoto mmoja wa kike ambaye, akiisha kusema kwamba mwanasesere mweusi ndiye mbaya, anaulizwa: "Nani anafanana nawe?" Mkono wake unamwendea mweupe, unasita, kisha unamsukuma yule mweusi mbele. Katika kusita kule nilimwona mtoto wa barazani, na mikono ya shangazi kichwani mwake.

Ya tatu ni *Daughters of the Dust* ya Julie Dash, ya mwaka 1991, nayo inatuhusu sisi watu wa visiwa kwa namna ya pekee. Ni mwaka 1902, katika visiwa vya pwani ya kusini mwa Marekani wanakoishi Wagullah, uzao wa watumwa waliohifadhi mengi ya Afrika katika lugha na mapishi yao. Ukoo wa Peazant unajiandaa kuhamia bara. Bibi mkuu, Nana, ana mikono iliyoingia buluu ya nili kwa kazi ya utumwani. Naye Yellow Mary anarudi nyumbani na jina lililotokana na weupe wa ngozi yake, na wanawake wenzake wanamsengenya. Hapo nilifunzwa jambo ambalo kwa uchungu wangu sikuwa nimelifikiri: kwamba mizani ya rangi humjeruhi pia yule inayemwinua. Mweupe husifiwa na kushukiwa kwa pumzi moja. Na mpigapicha, Arthur Jafa, ameziacha ngozi za aina zote zikae katika mwanga wa jua na bahari, kila moja kwa haki yake.

Haya yote ningeyaweka moyoni lau si binti yangu. Miaka michache iliyopita, alipokaribia kuolewa, niliingia chumbani kwake kutafuta uzi nikakuta kichupa nyuma ya kioo. Kilikuwa na jina safari hii, na picha ya mwanamke anayecheka. Nilikaa kitandani miguu ikiwa haina nguvu. Ningemkataza kwa ulimi gani? Nililifungua sanduku, nikamwonesha picha za mwaka 1989, kisha nikamwonesha shavu langu kwa karibu, bila poda. Hakusema kitu. Jioni akaniomba tuiangalie ile filamu iliyoniliza utotoni.

Tuliiangalia hadi mwisho. Nilimtazama nikingoja machozi. Akaniambia, "Mama, hawa wametuhadaa. Wamemchukua Zeenat Aman, malkia wa urembo, wakamuunguza shavu moja tu. Zilizobaki zote wametuonesha tuzitamani." Nilitaka kumkatalia, nikashindwa. Kweli, Zeenat Aman alikuwa Miss Asia Pacific wa mwaka 1970, na kamera inayotuhubiria tusitazame sura haichoki kumtazama mwili. Akaongeza habari ya *Bala*, filamu ya Kihindi ya mwaka 2019 inayolaani ubaguzi wa rangi, ambamo mhusika mweusi aliigizwa na Bhumi Pednekar aliyepakwa weusi, kana kwamba nchi nzima ya India imekosa mwigizaji mweusi. Na ile krimu ya Fair & Lovely, iliyoanza kuuzwa India mwaka 1975, ilipolaumiwa sana ilibadilishwa jina mwaka 2020, ikawa Glow & Lovely. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nilimjibu kwa tulicho nacho nyumbani. Siti binti Saad, mfinyanzi wa Fumba aliyedharauliwa kwa asili yake na kwa sura yake, alifika Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sauti yake ikaenea pwani nzima kwa santuri. Waliomkejeli aliwajibu kwa nyimbo, si kwa poda. Na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, tunaye katika filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006, *As Old as My Tongue*: mikunjo, sigara, ngoma mapajani, na macho yanayomtazama mpigapicha bila kumwomba kitu. Mwanamke huyu ndiye aliyekuwa akiwafunda wari unyagoni. Nimejiuliza mara nyingi ningekuwaje lau ningefundwa naye kabla ya kuletewa kichupa.

Sikujua kichupa cha binti yangu kiliishia wapi, wala sikumuuliza. Alisingwa, akapakwa liwa, akatoka na rangi aliyoingia nayo. Picha zilipoletwa tulimkuta kaja mweupe. Mpigapicha, kwa nia njema kabisa, alikuwa amempausha kwa kompyuta. "Nimekupendezesha, bi harusi," alisema. Binti yangu alimrudishia zote, akadai za asili, na akazisubiri wiki mbili.

Nilizipeleka kwa shangazi, ambaye sasa ni mkongwe, macho yamepungua. Nilimwamkia, nikamwekea moja mapajani. Aliisogeza dirishani, akaitazama kwa muda mrefu, akatabasamu. "Mweusi," akasema, "lakini mzuri."

Alikuwa akimsifu kwa mapenzi, kama alivyonisifu mimi. Nikamshika mkono. "Shangazi," nikamwambia, "hebu sema tena, uliache hilo lakini."

Alinitazama kama niliyemwomba jambo la kitoto. Kisha akasema polepole, kama anayeonja chumvi: "Mweusi, mzuri." Akanyamaza. "Kumbe yatosha," akasema, na akaniomba nimwekee picha ile karibu na kitanda.