Unyevu Nyuma ya Ukuta Mweupe

Marehemu baba yetu alituachia nyumba mjini Mbinga, ya matofali ya kuchoma, aliyoijenga chumba kimoja kimoja kadiri kahawa ilivyomlipa. Eda ya mama ilipokwisha, tulikaa sisi ndugu wanne tukakubaliana nyumba iuzwe, mama apewe thumni yake, nasi tugawane kilichobaki kama sheria ya mirathi inavyoelekeza. Mama angehamia kwa dada yetu mkubwa, Mbamba Bay. Baridi ya Mbinga ilikuwa ikimtesa magoti, na joto la ufukweni mwa Ziwa Nyasa lingemfaa.

Nyumba ilikuwa na kasoro moja. Chumba cha nyuma kilichimbiwa kwenye mteremko, na udongo wa nje ulikuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Kila masika ukuta ule ulikunywa maji. Lipu ilivimba, ikatoa chumvi nyeupe, kisha ikabanduka. Baba aliipiga upya mara tatu, na mara tatu ikaanguka.

Masika yalipokwisha tukamwita fundi atubandikie bodi za jipsamu. Alitueleza kazi yake kwa utulivu. Bodi ni jipsamu iliyoshikwa baina ya karatasi mbili ngumu. Madonge ya gundi hupachikwa ukutani kwa safu. Bodi husimamishwa juu ya vipande vya mbao ili isiguse sakafu, kisha hukandamizwa kwa ubao mnyoofu mpaka pima maji ioneshe kuwa imesimama wima. Viungo huzibwa kwa utepe, na rangi hufuata.

"Lakini ndugu zangu," akasema, "kazi hii hutaka ukuta mkavu, usio na vumbi wala lipu iliyolegea. Jipsamu na maji haviishi pamoja. Hapa itasimama hadi masika yajayo. Baada ya hapo msinilaumu."

Mmoja wetu akajibu, "Hadi masika, nyumba itakuwa imekwisha kuuzwa."

Alisema mmoja, lakini tulinyamaza sote. Kwa siku mbili chumba kikawa kizuri kuliko vyote, cheupe na kimenyooka.

Baada ya wiki chache wakaja mume na mke, mtoto mchanga mgongoni. Yule mama akaugonga ukuta kwa kidole, ukalia kama debe tupu.

"Mbona unalia hivi, kaka?"

"Ndivyo zilivyo bodi hizi, dada," tukamjibu.

Na ni kweli, kwani baina ya donge na donge hubaki hewa tupu. Hatukusema uongo hata neno moja. Tulichagua tu ukweli usiotugharimu. Bei ikakubaliwa, na fedha zingeletwa Ijumaa.

Usiku ule mama alituuliza swali moja: "Yule mtoto watamlaza chumba gani?"

Hakuna aliyejibu. Ndipo akatukumbusha kisa tulichokisoma sote chuoni tukiwa wadogo. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akaonya kwamba anayeghushi si miongoni mwake. Kisa hiki tulikuwa tukikihifadhi tangu utoto, na bado unyevu wetu tuliuweka chini ya rundo.

Ijumaa, baada ya sala, tukawapeleka wale wanunuzi chumba cha nyuma, tukabandua bodi moja mbele yao. Haikuhitaji nguvu. Karatasi ya nyuma ilikuwa imeota ukungu mweusi, na gundi ilimeguka kama uji mkavu. Tukawaeleza yote, hata habari ya lipu tatu za baba. Yule bwana alinyamaza kitambo, kisha akapunguza bei kwa kiasi cha matengenezo. Tukaridhia. Fungu la kila mmoja wetu likapungua, na thumni ya mama pia, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema alhamdulillah.

Fundi yuleyule ndiye aliyewafanyia kazi, safari hii kwa utaratibu wake. Kwanza aliondoa udongo wa nje na kuchimba mfereji wa kuyapeleka maji mbali. Kisha akabandua lipu yote mbovu na kuuacha ukuta ukauke kiangazi chote. Mapambo yalikuja mwisho.

Tunaliandika hili kwa ajili ya familia zenye mirathi mikononi. Mali ya marehemu haisafiki kwa kugawanywa sawasawa tu, bali pia kwa namna inavyouzwa. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu, na atujaalie nyuma ya kuta zetu pafanane na mbele yake. Amin.