Mdogo wangu na gita la mashoto

Lugha yetu haikumtendea haki mtu atumiaye mkono wa kushoto. Mkono wa pili tumeuita "wa kulia", yaani ule wa kulia chakula. Na wazee wa pwani wanapouita "wa kuume" huuachia mwenzake jina la "mkono wa kike". Mtu mwenyewe tunamwita mashoto, na aghalabu jina hilo hutamkwa kwa namna ya kumcheka. Ukimpa mzee kitu kwa mkono wa kushoto huna adabu. Ukila nao, ndiyo kabisa. Lakini katika kila watu kumi yapata mmoja ni mashoto, na hapana shaka, ndugu msomaji, nyumbani kwako yumo mmoja, au alikuwamo hadi alipofungwa kitambaa.

Mdogo wangu wa mwisho, ambaye sasa ana miaka 20, alifungwa kitambaa. Mama yetu huko Korogwe alichana khanga kuukuu, akaufunga mkono wake wa kushoto kiunoni kila wakati wa kula, muda wa mwaka mzima. Alichopata mama ni nusu ya ushindi. Kijana anakula kwa mkono wa kulia, na anaandika kwa mkono wa kulia, ingawa kwa hati mbaya ajabu. Lakini kisu, nyundo, jiwe la kuangulia maembe, na vyote vilivyomjia pasipo mwalimu, huvishika kwa kushoto. Gita nalo lilimjia pasipo mwalimu.

Anakaa nasi Temeke tangu alipomaliza kidato cha nne. Jirani yetu mmoja, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa na gita kavu ambalo hakuwa na muda nalo, akamwazima na kumruhusu azigeuze nyuzi zake. Miaka miwili alikaa nalo uani kila jioni. Siku hizi mwalimu yumo katika simu, na katika jambo hili mashoto ana bahati ambayo sikuijua mpaka nilipoonyeshwa. Mpiga gita wa mkono wa kulia akikaa mbele yako, wewe mashoto humwona kama ujionavyo katika kioo: shingo ya gita lake na shingo ya gita lako zinaelekea upande mmoja. Wengine sharti waigeuze picha kichwani mwao. Yeye anafuata tu.

Mwaka jana mambo mawili yalitokea katika mwezi mmoja. Yule dereva alihamia Mbeya na gita lake, nyuzi zikiwa zimerudishwa zilivyokuwa. Na bendi moja ndogo ipigayo muziki wa dansi siku za Ijumaa na Jumamosi ikampoteza mpiga rithimu wake. Kiongozi wa bendi alikuwa amemsikia kijana wetu akipiga katika harusi mtaani, akampenda. Alimwambia mambo yalivyo: "Magita ninayo mawili, yote ya kulia. Ama ujifunze upya, ama uje na lako."

Wasomaji wenye umri wanaukumbuka utaratibu wa bendi zetu. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Mwanamuziki, hata awe hodari namna gani, alikuja na vidole vyake, na alipohama (nao walihama sana) gita lilibaki. Mimi nausifu utaratibu huo, kwa maana kijana ambaye baba yake hakuwa na uwezo wa kununua hata uzi mmoja aliweza kufika jukwaani. Ila vyombo vya shirika hununuliwa kwa hesabu ya walio wengi, na mashoto aliyeingia katika bendi alikuta gita limekwisha amuliwa lishikwe vipi.

Basi suala likaja mezani kwetu, na meza yetu si pana. Mimi nilikuwa nimepokea zamu yangu ya upatu, 600,000/-, na fedha hizo zilikuwa na kazi: mabati ya banda la uani. Mume wangu, ambaye ni karani wa bohari na huandika kila senti katika daftari, hakupinga muziki. Alipinga ushoto. Alisema kwamba gita hutaka kazi ya mikono yote miwili. Kwamba mkono wa kubana nyuzi ndio wenye kazi ngumu, na mashoto akishika gita la kawaida, mkono wake hodari ndio unaobana. Kwa hiyo kwa nini asibadili? Akijifunza ya kulia atapiga gita lolote, katika bendi yoyote, maisha yake yote.

Hoja hiyo si ya kudharauliwa, na ushahidi upo. Mark Knopfler wa Uingereza, mmoja wa wapiga gita mashuhuri duniani, ni mashoto apigaye kwa kulia. Kwa mtoto anayeanza leo, asiye na mazoea yoyote, pengine ningemshauri mzazi amjaribishe hivyo kwanza, aone. Lakini huyu wetu hakuwa anaanza. Miaka miwili ya kila jioni ilikuwa imo vidoleni mwake, na mkono upigao nyuzi ndio unaoshika mwendo wa wimbo. Katika rithimu ya dansi mwendo ndio kila kitu. Nilimtazama akijaribu gita la kulia dukani. Alikuwa kama mtu anayefagia kwa mkono asiouzoea.

Nikamsimulia mume wangu habari za Tony Iommi, kijana wa kiwandani katika mji wa Birmingham, ambaye mwaka 1965, akiwa na miaka 17, mashine ya kukata bati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa alikuwa mashoto, mkono huo ndio uliokuwa wa kubana nyuzi. Angeweza kubadili mikono. Badala yake aliyeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, akajifinyangia vikofia vya vidole, akafunga nyuzi nyembamba zaidi, na akaendelea kwa kushoto hadi bendi yake, Black Sabbath, ikajulikana ulimwenguni. Muziki wao ni wa makelele na siusikilizi. Lakini mume wangu, aliyewahi kufanya kazi penye mashine, alifunga daftari akasema haya, ulizeni bei.

Bei zenyewe zilikuwa hivi. Gita jipya la umeme la kulia, la daraja ya chini, litokalo katika viwanda vya China au Indonesia, tuliambiwa 350,000/- Kariakoo. La mashoto halikuwapo. Mfanyabiashara mmoja alikubali kutuagizia kutoka ng'ambo kwa 900,000/-, zilipwe zote kwanza, tungoje miezi miwili. Viwanda vingi hutengeneza ya mashoto, hata katika aina za bei nafuu kama Squier na Yamaha, lakini kwa aina chache na rangi chache; na duka la kwetu halileti kitu ambacho wateja tisa katika kumi hawawezi kukishika.

Kila muuzaji alitupa shauri lile lile: "Nunueni la kulia, mligeuze." Nao hawakukosa mfano. Jimi Hendrix, Mmarekani aliyefariki mwaka 1970 akiwa na miaka 27, alipiga Stratocaster la mkono wa kulia lililogeuzwa na kufungwa nyuzi upya. Albert King, bingwa wa muziki wa bluzi, aligeuza gita na nyuzi hakuzigusa. Uzi mnene ukawa chini na mwembamba juu, akawa anazivuta kwa namna ambayo wenye mikono ya kulia wamehangaika kuiiga.

Tulikwenda kwa fundi mmoja wa Ilala kuuliza kama shauri hilo linafaa, akatueleza kwa subira, gita likiwa mapajani. Penye kichwa cha gita, nyuzi hupita juu ya kipande kidogo cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita, na kila mfereji una upana wa uzi wake. Ukizigeuza nyuzi, uzi mnene haukai katika mfereji mwembamba, na mwembamba unachezacheza katika ule mpana. Kwa hiyo kipande kibadilishwe. Chini, pale nyuzi zinapokalia, uzi mnene hutaka urefu uliozidi kidogo kuliko mwembamba, la sivyo gita hudanganya sauti kadiri unavyopanda shingoni. Katika gita la umeme kila uzi huwa na kikalio chake chenye skrubu, kwa hiyo hilo hurekebishwa kwa bisibisi. Katika gita kavu kikalio ni kimoja na kimeinama upande. Hapo mdogo wangu alipiga kofi la paja: kumbe ndiyo maana gita la dereva lilikuwa likitoka sauti ya uongo huko juu!

Kisha kuna umbo. Gita nyingi hukatwa pembeni upande wa chini ili mkono ufikie sauti za juu. Ukiligeuza, pengo linakuwa juu na mkono unagonga ubao. Vitufe vya sauti vinakuja chini ya kigasha, ukicharaza unavizungusha bila kutaka. Tundu la waya nalo linahamia juu. Na alama ndogo za ubavuni mwa shingo, zile azitazamazo mpiga gita gizani, zinaelekea sakafu. Paul McCartney alilikwepa tatizo hilo mwaka 1961 huko Hamburg kwa kununua gita la besi la Höfner lenye umbo la fidla, pande zote mbili sawa, kwa kiasi cha pauni 30, tena lililotengenezwa kwa mashoto. Lakini sisi hatukuwa Hamburg. Fundi alituhesabia kazi hiyo 70,000/-, akaongeza kwa uaminifu kwamba akimaliza litakuwa gita la kulia lililogeuzwa.

Wiki hiyo mama alipiga simu kutoka Korogwe. Alikwisha pata habari, sijui kwa nani. Hakuuliza bei. Aliuliza kama hakuna namna ya kumfunga mtu mzima kitambaa.

Tulilipata gita Jumamosi moja, mahali ambapo hatukulitafuta, katika duka la spika na redio za magari. Lilitundikwa juu kabisa, jeusi, limejaa vumbi. Mdogo wangu alisimama mlangoni akaacha kuzungumza. Muuzaji alifuata macho yake.

"Lile achana nalo, kijana. Lina hitilafu. Limekuja na mzigo mwaka wa tatu huu, kiwanda kimelitengeneza kinyume."

Ningeweza kunyamaza. Mwanangu mkubwa, aliyekuwa nasi, bado ananiuliza kwa nini sikunyamaza. Nilimwambia muuzaji kwamba halina hitilafu, ni la mashoto. Bei ikapanda papo hapo hadi 550,000/-. Nikamwomba anionyeshe mashoto mwingine aliyeliulizia katika miaka mitatu. Tukakaa saa nzima, chai ililetwa.

Katika saa hiyo mdogo wangu alilikagua kama alivyofundishwa na fundi, na yeyote atakayenunua gita lililokaa sana katika hewa ya chumvi ya mji huu na afanye vivyo hivyo. Alilala na jicho shingoni kutazama kama haikupinda. Alibana kila uzi katika kila sehemu kusikiliza mtetemo wa bati. Alizungusha vikazio vyote sita. Viwili vilikuwa na kutu lakini vilishika. Aliliunganisha na spika, akavizungusha vitufe: kimoja kilikwaruza, jambo ambalo husafishika. Nyuzi zilikuwa zimeoza zote. Tuliafikiana 380,000/-. Nyuzi mpya, waya na mkanda vilikula 45,000/- nyingine. Spika hatukununua, kwa kuwa bendi inazo, na gita la umeme lisilounganishwa husikika kwa mpigaji na mtu wa karibu tu. Majirani wametushukuru.

Jukwaani palitokea tatizo ambalo hakuna aliyelifikiri. Jukwaa la baa ile ni dogo, na wapiga gita wote husimama shingo za magita zikielekea upande mmoja. Yeye shingo yake inaelekea kwingine, na usiku wa kwanza wa mazoezi aligongana na mpiga besi mara tatu. Wamemhamishia pembeni kabisa, karibu na ngoma, na kiongozi anasema sasa mwendo wa rithimu na wa ngoma umeshikana kuliko zamani.

Jumamosi ya kwanza alirudi saa kumi alfajiri na posho ya 15,000/-. Aliiweka yote mezani. Asubuhi mume wangu alimrudishia 5,000/- ya nauli, akafungua daftari, akaandika: zimebaki 415,000/-.