Mkuki Hauna Wastani

Leo nitawakera wapenzi wa mbio. Mchezo mtamu kuliko yote kwenye riadha ya vijana si mita 1500. Ni mkuki wa wasichana. Eeh, ule mchezo ambao kamera inauonyesha sekunde tatu, inarudi kwa mbio, halafu mtangazaji anasema "tutarudi huko baadaye" na harudi.

Najua wengine mshaanza. "Wewe si uliacha campo, sasa umekuwa mchambuzi wa riadha?" Ndiyo. Niko na muda na niko na bando. Tuendelee.

Agosti 2021, Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa walio chini ya miaka 20 yalifanyika hapa kwetu, Kasarani. Kenya tulimaliza juu ya jedwali la medali na dhahabu 8. Zote 8 zilitoka kwa miguu: mbio, na matembezi ya Heristone Wanyonyi. Emmanuel Wanyonyi alishinda mita 800 pale, na miaka mitatu baadaye akawa bingwa wa Olimpiki Paris. Hiyo kila mtu anajua.

Sasa uliza rafiki zako nani alishinda mkuki wa wasichana. Kimya. Ni Adriana Vilagoš wa Serbia, miaka 17, kocha wake ni baba yake. Alirusha mita 61.46. Manze, hiyo ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira, kwa mkono mmoja wa msichana wa umri wa Fomu Nne. Mwaka uliofuata akaenda Cali, Colombia, akachukua dhahabu tena kwa mita 63.52. Bingwa wa dunia alipatikana hapa Nairobi na sisi tulikuwa tunaangalia upande mwingine. Hata mimi nilimwona baadaye, kwenye simu, usiku.

Kilichonishika ni sheria za mchezo wenyewe. Mkuki wa wanawake una gramu 600, mwepesi kuliko ile pakiti ya unga ya kilo moja. Fainalini unapewa mirusho mitatu. Ukiwa kwenye nane bora, kwa kawaida unaongezewa mingine mitatu. Ukikanyaga mstari, bendera nyekundu. Mkuki ukitua nje ya eneo, bendera nyekundu. Lakini mwisho wa siku wanachukua mrusho wako mmoja tu, ule mrefu kuliko yote. Hawajumlishi na kugawanya kwa sita. Unaweza kufaulo mara tano, urushe vizuri mara moja, na uende nyumbani na dhahabu.

Soma hiyo tena, halafu fikiria maisha yako. Sisi tumelelewa na wastani. KCSE ni wastani. Campo ni wastani. Hata kwa familia kuna wastani: ukikosea mara moja, shangazi anaibeba kila harusi na kila matanga, anaigawa kwa kila kitu kizuri ulichowahi kufanya. Mimi niliacha campo mwaka wa pili kwa sababu karo iliisha na kozi haikuwa yangu. Tangu siku hiyo, nikitengeneza video ikalipa kodi ya nyumba miezi miwili, bado swali ni lile lile: "Na shule?" Yaani bendera nyekundu moja imekuwa jina langu.

Angalia Haruka Kitaguchi wa Japani. Mwaka 2015 alikuwa bingwa wa dunia wa walio chini ya miaka 18, pia huko Cali. Kila mtu akadhani njia imenyooka. Doha 2019, kwenye mashindano ya dunia ya wakubwa, hakuingia fainali. Olimpiki ya Tokyo, nyumbani kwao, aliingia fainali na akamaliza nambari 12 kati ya 12. Kwa hesabu za shangazi, huyo ameisha. Budapest 2023, anafika mrusho wa sita, wa mwisho kabisa, bado yuko nje ya medali. Anarusha mita 66.73. Bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata Paris akashinda Olimpiki kwa mita 65.80, na hiyo aliirusha mrusho wa kwanza. Kwa hivyo hata usiniambie "kila kitu kina wakati wake" kana kwamba wakati ni ule wa mwisho. Wakati mwingine ni ule wa kwanza. Hujui, ndiyo maana unapewa sita.

Lakini hapa ndipo siwezi kuwapaka mafuta. Si wote wanapewa sita. Wa tisa kwa kawaida anarusha mitatu, anavaa trakisuti, anakaa. Na kabla yake kuna wale ambao hawakupata hata mmoja.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 16 na anarusha mkuki. Ana mabega, na anayapenda, Mungu asaidie yule kijana wa kwanza atakayeyacheka. Shule yao ina mkuki mmoja wa chuma. Unakaa stoo, unatolewa siku ya mashindano tu, eti usiharibike. Siku zingine wasichana wanatumia mwanzi uliochongwa ncha. Anaenda mashindanoni akiwa ameshika mkuki wa kweli mara chache kuliko alivyoshika simu yangu. Mwalimu anamwambia ajaribu 1500, eti huko ndiko kuna nafasi. Mathe naye: "Si ukimbie tu kama wengine?"

Nilimuuliza kama anataka kukimbia. Akaniambia, "Dada, nikikimbia nawaza kuchoka. Nikirusha siwazi kitu."

Mtasema Julius Yego alianza na fimbo kule Nandi, akajifunza kwa YouTube, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Kweli, na namheshimu sana. Lakini tumegeuza hadithi ya Yego kuwa kisingizio. Mtu mmoja akitoboa bila kifaa, tunaambia wengine wote wasiombe kifaa. Kwa kila Yego kuna wangapi walirusha mwanzi mpaka Fomu Nne, wakaambiwa hawana kipaji, na hakuna aliyewahi kuwapimia mrusho mmoja halali?

Mimi na marafiki wawili tunachanga tununulie shule ya mdogo wangu mkuki wa pili, wa mazoezi, usiofungiwa stoo. Si hisani. Ni mrusho anaodaiwa. Wewe uliyesoma shule yenye uwanja, piga simu uulize wasichana wanafanya mazoezi na nini. Na msimu wa michezo ya shule ukifika, usisimame tu kwenye mstari wa kumalizia mbio. Nenda kule mwisho wa uwanja, kule mikuki inatua, upige video mpaka mrusho wa sita. Nitumie, nitaiweka hapa.