Kizazi Kilichohesabu Tani

Kizazi changu kilipenda kuhesabu vilivyo ardhini. Sisi tuliokuwa vijana Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 tulikua tukiambiwa kwamba nchi yetu ni tajiri, na ushahidi ulitolewa kwa tani: makaa ya mawe ya Mchuchuma, chuma cha Liganga, makaa ya Ngaka na ya Kiwira. Hadi leo ukikaa barazani na wazee wenzangu hapa Songea, hatakosekana mmoja wa kukutajia tani milioni 428 za Mchuchuma kama anayetaja idadi ya ng'ombe wake. Ng'ombe hao hajapata kuwakamua.

Siku hizi hesabu hiyo imefufuka kwa sura mpya. Vijana wasomi hunijia na hoja kwamba makaa yale yageuzwe gesi, na gesi hiyo itupe dizeli, mbolea na umeme, ili nchi isiyumbe kila vita vinapozuka huko mbali na bei ya mafuta kupaa. Hoja yao si ya kubezwa. Kemia yake naifahamu, maana niliifundisha sekondari miaka mingi. Makaa huwekwa katika tanuri lililofungwa, kisha hupuliziwa mvuke wa maji pamoja na oksijeni kidogo, isiyotosha kuyateketeza. Hapo hutoka mchanganyiko wa haidrojeni na kaboni monoksidi. Ukishaondolewa salfa na lami, huweza kuchomwa ili kufua umeme, kutengenezewa amonia ya mbolea, au kupitishwa juu ya kichocheo cha chuma ukatoa petroli na dizeli. Njia hiyo ya mwisho waliigundua wanakemia wawili huko Ujerumani, Franz Fischer na Hans Tropsch, miaka ya 1920.

Wanafunzi wangu waliyakariri haya yote na kuyajibu vizuri kwenye mtihani wa taifa. Mtambo wenyewe niliwachorea ubaoni kwa chaki. Hakuna hata mmoja wao, wala mimi mwalimu wao, aliyewahi kusimama mbele ya tanuri la namna hiyo. Tulifaulu somo, tukarudi kuhesabu tani.

Walioujenga mtambo huo barani kwetu walikuwa Makaburu wa Afrika Kusini. Kampuni ya Sasol iliundwa mwaka 1950, na kufikia 1955 kiwanda cha Sasolburg kilikuwa kinatoa mafuta kutokana na makaa ya mawe. Dunia ilipoanza kuwafungia mafuta, wakajenga vingine vikubwa zaidi huko Secunda. Mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979 yalipowakatia mafuta waliyokuwa wakiuziwa na Shah, mfalme wa nchi hiyo, hawakurudi nyuma, waliongeza. Juni 1980 wapiganaji wa ukombozi wa Umkhonto we Sizwe waliposhambulia Sasolburg na Secunda, matangi yakawaka moto, sisi huku tulishangilia kando ya redio, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Utawala ule ulikuwa dhalimu, na mafuta yale yalipatikana kwa jasho la wachimbaji weusi waliolipwa ujira wa kudhalilisha. Lakini baada ya shangwe hatukuulizana swali lililostahili kufuata: adui huyu aliwapata wapi wahandisi wake, na aliwalea kwa miaka mingapi?

Miaka hiyo hiyo sisi tulikuwa kwenye foleni. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba fedha za kigeni, bei ya mafuta ilikuwa imepaa, na magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani Jumapili alasiri. Mama wa nyumbani aliamka alfajiri na dumu lake kuwahi mafuta ya taa ya koroboi, na mara nyingine alirudi nalo tupu. Wakati huo gesi asilia ya Songo Songo ilikuwa imekwisha kugunduliwa tangu 1974. Ukazungumzwa mpango wa kiwanda cha amonia Kilwa, ukaishia kwenye mazungumzo. Gesi hiyo ilianza kutufulia umeme Dar es Salaam mwaka 2004, miaka thelathini baada ya kugunduliwa.

Sisemi kizazi changu kilikuwa cha wavivu. Bomba la TAZAMA lilifika Zambia mwaka 1968, na Kidatu ilianza kufua umeme mwaka 1975. Penye mradi wenye tarehe, fedha na watu wa kuusimamia, tuliweza. Tulichokosa ni subira ya kulea mafundi kwa ajili ya mradi ambao bado haujafika. Mchuchuma ni shahidi. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini na kampuni ya Kichina ya Sichuan Hongda, umeme wa megawati 600 ukaahidiwa, na hadi naandika haya haujawasha taa hata moja Ludewa, wilaya yenye makaa hayo.

Vijana wanaotaka gesi ya makaa watazame pia mwisho wa hadithi ya hao Makaburu. Mwaka 2004, ule ule gesi ya Songo Songo ilipoanza kutufulia umeme, Sasolburg iliachana na makaa ya mawe ikaanza kutumia gesi asilia, iliyoletwa kutoka Msumbiji, jirani yetu wa kusini, kwa bomba la kilometa 865. Mabingwa wa kugeuza makaa kuwa gesi walipopata gesi iliyo tayari, waliichagua. Secunda inaendelea na makaa, na hutoa hewa ya ukaa zaidi ya tani milioni 50 kwa mwaka. Marekani nako, kule Mississippi, mradi wa gesi ya makaa wa Kemper ulikula zaidi ya dola bilioni 7, kisha mwaka 2017 wenyewe wakaacha kugeuza makaa wakaendesha mitambo kwa gesi asilia.

Sisi tuna gesi Songo Songo na Mnazi Bay, na iliyogunduliwa nchini kwa jumla inakadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57, nyingi ikiwa chini ya bahari ya kina kirefu. Kuitengeneza gesi kutoka kwenye jiwe, kwa gharama kubwa na maji mengi, ilhali iliyo tayari hatujamaliza kuiunganisha na majiko na viwanda vyetu, ni kutafuta usalama kwa njia ndefu. Makaa nayo hayakosi kazi: ya Ruvuma yanapita hapa Songea kila siku, malori yamefunikwa maturubai, yakielekea bandari ya Mtwara. Yanayobaki nchini yana kazi ya kutosha kwenye saruji, na siku moja kwenye chuma cha Liganga.

Hata hivyo, pendekezo la mtambo wa makaa litakuja mezani, kwa kuwa bei ya mafuta itapanda tena. Ninyi mtakaokuwa mmekaa kwenye viti vya wizara siku hiyo, msianze kwa kuuliza tani. Ulizeni maji yatatoka mto gani, nani atalipa deni bei ya mafuta ikishuka, na Watanzania gani watauendesha mtambo huo zamu ya usiku wageni wakishaondoka. Mkikosa majina ya watu hao, msitie saini. Wapelekeni kwanza shule.