Cheche ya Trekta ya Mzee

Tangu Jumapili wengi mmeniandikia kuhusu ile trekta ya kijivu inayovuta tanki la maji. Mmeona siku hizi inawaka mara moja, na kuna anayesema ati imewekwa kompyuta. Haijawekwa kompyuta. Wacha niwaeleze kilichowekwa, kwa sababu kabla sijaingia kwenye huduma spana ndiyo iliyonilisha, na kwa sababu kifaa kidogo kile karibu kitenganishe baba na mwanawe.

Trekta yenyewe ni Ferguson TE20 ya petroli. Zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. Hii ya kwetu baba yake mzee aliinunua kwenye mnada wa shamba la mlowezi, na imelima, imebeba mawe, imebeba hata maharusi. Siku hizi mashamba ya Kitengela yamekuwa ploti, kwa hivyo inabeba maji. Kiangazi kikikaza, kuna nyumba hapa Kware ambazo mtungi haujai mpaka trekta hiyo iwake. Nataka mlikumbuke hilo mnaposoma.

Sasa, injini ya petroli haiwaki bila cheche. Chini ya kofia ya distributa kuna vyuma viwili vidogo, zile tunazoita pointi, vinavyogusana na kuachana. Vikigusana, umeme wa betri unapita kwenye koili. Vikiachana, koili inatoa umeme mkali wa maelfu ya volti unaoruka kwenye plagi. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyeutengeneza mpango huo, na gari la Cadillac la 1912 likauza sifa zake. Ni mpango mzuri. Umetumika zaidi ya miaka sitini karibu kila mahali.

Lakini hesabu mwenyewe. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, pointi hufunguka mara 3,000 kwa dakika hiyo. Kwa saa moja ni 180,000. Kila mara kuna kacheche kanakoula chuma kidogo, na kale kapira kanakosukumwa na shafti kanaisha. Ile nafasi kati ya vyuma, ambayo haifiki hata nusu milimita, inabadilika. Ongeza vumbi letu la machimbo, maana jina Kware linasema lenyewe, na malori ya mawe hayana Sabato. Ndiyo maana mzee alikuwa kila Jumamosi jioni akifungua kofia, akipiga pointi msasa, akipima nafasi, akifunga. Alifanya hivyo tangu akiwa kijana. Kipimo chake kilikuwa kipande cha pakiti ya sigara, na yeye hajawahi kuvuta sigara.

Mwaka jana mikono ilianza kutetemeka. Macho nayo. Trekta ikawa inakohoa, inakataa asubuhi, maji yanachelewa, wateja wanaanza kupigia watu wengine. Kijana wake akatafuta kile kifaa cha kielektroniki kinachokaa mahali pa pointi. Mzee akakataa kabisa. Nyumba ikawa watu hawasalimiani, na mama akanipigia simu.

Nilipofika, mzee aliniambia, "Pasta, iombee hii trekta." Nikaomba. Kisha nikasema leteni bisibisi.

Kijana alizungumza kwanza, na alizungumza ukweli wote, kwamba pointi zimeisha, mpya za kuaminika ni shida kupata, na baba haoni. Kila neno lilikuwa sahihi, na kila neno lilimchoma mzee. Ndipo mzee akasema, "Mkiondoa hizo, mimi nitakuwa nafanya nini Jumamosi?" Kijana akanyamaza. Sidhani alikuwa amewahi kuliwaza swali hilo. Wapendwa, kuna wazee wengi katika kanisa hili wanaoulizwa mambo ya dawa tu, hawaulizwi tena mambo ya kazi.

Nikamweleza mzee kwa haki, pande zote mbili. Kifaa hicho hakina vyuma vya kugusana. Pete yenye sumaku nne inavaliwa kwenye shafti chini ya roto, na kila sumaku ikipita, kifaa kinakata umeme wa koili bila kugusa kitu. Hakuna cha kuliwa, hakuna cha kupima kila wiki. Si kitu kigeni pia: Chrysler waliweka kuwasha kwa kielektroniki kwenye magari yao ya petroli huko Marekani tangu modeli za 1973. Lakini pointi zikikwama njiani, msasa unazifufua. Kifaa kikifa, kimekufa. Tena hakipendi betri dhaifu, na ukiacha ufunguo umewashwa injini ikiwa imezimika, kinaweza kuungua.

Mzee akauliza swali ambalo mafundi wengi hawaulizi: "Hicho chenu kinajua betri ya hii trekta imefungwa kinyume?" Ni kweli. Trekta hizi zilitoka kiwandani upande chanya wa betri ukiwa umefungwa kwenye bodi, si hasi kama magari ya leo. Kifaa cha upande mmoja ukikiweka kwenye ule mwingine, unakichoma papo hapo. Kijana alitazama kijikaratasi, akaona kilikuwa cha hasi. Kikarudishwa dukani kabla hakijaguswa na waya. Swali la mzee lilikuwa limeokoa pesa zote zile.

Wiki iliyofuata kilikuja kinachofaa. Kijana alifunga. Lakini hata cheche ya kielektroniki lazima ipangiwe wakati wake, na hilo hufanywa kwa kuzungusha distributa kidogo kidogo injini ikinguruma. Nilikuwa na taa ya kupimia. Mzee alikataa taa. Aliinama, akasikiliza, akamwambia mwanawe, "Rudisha. Rudisha tena. Hapo, funga." Nikawasha taa yangu, nayo ikakubaliana naye.

Zile pointi za zamani hazikutupwa. Zimepakwa grisi, ziko kwenye kopo chini ya kiti pamoja na kondensa yake na kile kipande cha pakiti, kwa siku ambayo kifaa kitazima mbali na mji. Mimi ningefanya hivyo hivyo kwa trekta yoyote ya umri ule.

Kwa ndugu wanaouliza kama wanaweza kuwekea Massey Ferguson 135 zao: angalia kwanza unatumia nini. Zenu nyingi ni za dizeli. Dizeli inawaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, haina plagi za cheche wala distributa. Anayekuuzia kifaa hiki cha trekta ya dizeli anakula pesa zako, hata akija na Biblia mkononi.

Na Julai, ule ubaridi wetu, betri ilichoka kweli. Stata ilizunguka kivivu na kunyonya umeme wote, kifaa kikakosa nguvu. Kijana alikuwa safarini. Mzee akamtuma mjukuu wa kidato cha tatu alete hendeli ya kuzungusha kwa mkono, maana bila stata kunyonya, umeme uliobaki unatosha cheche. Nilikuwa nimesimama hapo na mitungi yangu miwili. Mtoto akashika hendeli kwa nguvu, na mzee akapaza sauti kuliko nilivyowahi kumsikia kwenye ibada:

"Kidole gumba! Kiweke upande mmoja na vingine, ikirudi nyuma itakivunja!"

Mtoto akahamisha kidole, akavuta juu mara mbili, na tukapata maji kabla ya saa mbili.